Mizani Haioni Yote: Mwili wa Mwenye Kuanza Kukimbia

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kata



Mtu mzima anayeanza kukimbia alfajiri huwa amekwisha kushinda vita ya kwanza, nayo ni kutoka mlangoni mbele ya majirani wanaomuuliza anafukuzwa na nani. Vita ya pili humkuta wiki ya tatu, akiwa juu ya mizani. Amevumilia maumivu ya mapaja, ameacha usingizi wa asubuhi, lakini mshale umesimama palepale. Pengine umepanda kilo moja. Wengi huvitupa viatu uvunguni siku hiyo, ilhali mwili umekwisha kuanza kubadilika.

Kupanda huko kuna sababu. Misuli inayotumika hujiwekea akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Misuli iliyochoshwa nayo huvimba kidogo inapojijenga upya. Mizani haiwezi kuyatenganisha maji hayo na mafuta. Tena, mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 3 hutumia kilokalori 210 hivi, ambazo chapati moja kubwa yaweza kuzirudisha zote. Atakaye kupungua uzito hana budi kuiangalia na sahani yake.

Badiliko lenye thamani zaidi limo kifuani. Katika wiki za mwanzo maji ya damu huongezeka, moyo ukajaa vema na kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Mapigo ya mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Anayeanza na ahesabu yake kabla ya kuondoka kitandani, vidole viwili vikiwa juu ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, kisha aandike daftarini. Baada ya miezi 2 au 3 ya kukimbia bila kukatiza, aghalabu idadi huwa imeshuka.

Miguuni, vishipa vyembamba vya damu huongezeka, na mlima uliomlazimisha kusimama huupanda huku akizungumza. Misuli pia huipokea sukari ya damu kwa wepesi zaidi, na athari ya mbio moja hudumu siku moja hata mbili; ndiyo maana siku 3 zilizoachana katika wiki zina faida kuliko Jumapili moja ya kujichosha. Mafuta yanayozunguka viungo vya tumboni yaweza kupungua hata uzito usipobadilika. Futi ya fundi cherehani huyagundua mapema.

Hatari ipo papo hapo penye mafanikio. Moyo na pumzi huzoea upesi, bali mifupa na kano huhitaji miezi. Mkimbiaji wa wiki ya sita hujiona mwepesi, akaongeza mwendo maradufu, na ugoko ndio unaolipa. Maumivu ya misuli yanayozidi siku ya pili kisha yakapoa ni ya kawaida. Maumivu ya mfupa yanayokaa mahali pamoja na kuongezeka kila anapokimbia hayafai kuvumiliwa. Kukimbia dakika moja na kutembea mbili ni mwanzo wa heshima, watazamaji waseme watakavyo.

Mwenye shinikizo la damu au kisukari apimwe kwanza katika zahanati. Mazoezi husaidia kushusha shinikizo, lakini hayampi mtu ruhusa ya kuacha vidonge. Dozi hubadilishwa na mganga. Atumiaye insulini abebe kitu kitamu mfukoni, kwa kuwa sukari yaweza kushuka mno njiani. Naye anayebanwa na kifua au kuona kizunguzungu asimame mara moja, asirudi nyumbani kulala, bali aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamekwisha kutulia.