Kinu Kidogo na Jua: Tupige Hesabu Kwanza



Hapana haja ya kuwaeleza watu wa Unguja maana ya giza. Tangu mwaka 1980 umeme watujia kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 njia hiyo ilikatika, tukakaa kizani takriban mwezi mzima; na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa tena. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013. Basi leo tunaposikia sifa za vinu vidogo vya nyuklia, kwamba vishirikiane na jua na upepo katika gridi ya taifa, ni haki yetu kuuliza kabla ya kupiga makofi.

Kwanza, huo udogo. Kwa kipimo cha Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kinu kidogo ni kile kisichozidi megawati 300. Hizo ni mara tatu ya waya wetu wa 2013! Na kanuni ya gridi ni moja: mtambo mmoja ukiwa mkubwa mno, siku unapozimika huwaangusha wote.

Pili, ushirika wenyewe. Jua halidai bei ya mafuta, lakini huondoka magharibi, saa ile ile taa zinapowashwa. Kinu hufanya kazi usiku na mchana. Ila gharama yake kubwa ni ya kukijenga, na deni hilo hulipwa kizalishe kisizalishe, kama duka lililofungwa linavyodaiwa kodi. Ukikipunguza adhuhuri ili kulipisha jua, kila yuniti itapanda bei. Huko Kemmerer, Marekani, ambako ujenzi ulianza mwaka 2024, wametafuta dawa: kinu cha megawati 345 kiende mwendo mmoja, joto lake liwekwe akiba katika chumvi iliyoyeyushwa, na haja ikizidi zitoke megawati 500 kwa zaidi ya saa tano. Shauri hilo ni jema. Lakini mtambo huo haujauza umeme bado.

Tatu, bei. Miji ya Utah na jirani zake ilikubaliana na kampuni ya NuScale kujenga vinu sita vya jumla ya megawati 462. Kabla ya kinu cha kwanza kusimama, bei iliyokadiriwa ilipanda kutoka dola 58 hadi dola 89 kwa megawati-saa. Novemba 2023 mpango ukavunjwa. Miji ile iliweza kujitoa kwa sababu ilikuwa na mkataba iliousoma na hesabu iliyoiona.

Ndugu zetu, hatusemi kinu ni haramu, wala hatusemi jua na betri zatosha kila nchi. Twasema kwamba atakayetuletea mkataba wa namna hiyo auweke mbele ya Baraza la Wawakilishi, wazi, na ajibu maswali matatu: mtambo ukizimika, nani atashika zamu? Bei ikipanda, nani atalipa? Na taka zake zitalindwa wapi, na kwa gharama ya nani?

Wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila khabari. Nasi twataka kuliona daftari kabla ya kutia sahihi, si baada yake.