Akiba ya Dharura: Kaya Iweke Kiasi Gani?

Mwezi Machi 2020 serikali ya Kenya ilifunga shule zote kwa sababu ya UVIKO-19. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu waliendelea kupokea mishahara. Wenzao wengi wa shule binafsi walipewa likizo bila malipo, na ilichukua hadi tarehe 4 Januari 2021 wanafunzi wa madarasa yote kurudi. Huko Mwea, kaunti ya Kirinyaga, shule moja iligeuza madarasa yake kuwa mabanda ya kuku. Ubaoni, palipokuwa na hesabu, paliandikwa ratiba ya chanjo za kuku.

Mwalimu wa serikali na mwalimu wa shule binafsi huenda walisoma chuo kimoja, wamepanga mtaa mmoja, na watoto wao ni wa rika moja. Hata hivyo, akiba ya dharura anayoihitaji mmoja ni tofauti kabisa na ya mwenzake. Mada hii, iliyoandaliwa kwa ajili ya wanachama wa SACCOS, inaanzia katika tofauti hiyo.

Kanuni inayorudiwa katika vitabu na semina nyingi za fedha inasema kaya iweke matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Si kanuni mbaya. Kasoro yake ni kwamba inamfaa zaidi mtu anayelipwa kila mwezi, anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi, na ambaye mzigo wake unaishia kwa mke, mume na watoto. Dar es Salaam mambo hayaendi hivyo. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima, kwa mkupuo.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kukokotoa tu, kaya ya watu watano wanaoishi Mbagala. Mama anafundisha shule binafsi, baba anaendesha bodaboda. Wakiondoa yote yanayoweza kusubiri, yaani nguo mpya, michango ya sherehe na king'amuzi, wanabaki na chakula shilingi 300,000 kwa mwezi, gesi na mkaa 50,000, umeme na maji 40,000, nauli 60,000, dawa, sabuni na vocha 50,000. Jumla 500,000. Kodi ya nyumba ni 150,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya miezi mitatu, akiba yao ingekuwa 650,000 mara tatu, yaani 1,950,000.

Sasa shule imefungwa, bodaboda nayo haiingizi kitu, na wiki hiyohiyo mkataba wa nyumba unaisha. Inatakiwa kodi ya miezi sita, 900,000, mara moja. Ukijumlisha matumizi mengine ya miezi mitatu, hitaji lao ni 2,400,000, na akiba inapungukiwa na 450,000. Lakini kama kodi ililipwa mwezi uliopita, 1,500,000 ingewatosha miezi hiyohiyo mitatu. Familia ni ileile na matumizi ni yaleyale. Kilichobadilika ni tarehe ya kodi.

Kwa hiyo kodi isihesabiwe kama dharura. Tarehe yake inajulikana. Itengewe mfuko wake wa 150,000 kila mwezi, na ada ya shule ifanyiwe hivyohivyo ili Januari isifike na kumeza kila kitu. Kaya ikifanya hivi, ile 1,950,000 itatosha miezi mitatu mkataba wa nyumba uishe lini uishe.

Inabaki idadi ya miezi. Hapa kigezo si ukubwa wa mshahara. Swali ni hili: kipato kikikatika leo, kingine kitaingia baada ya muda gani, na katikati hapo kuna nini? Kwa mwajiriwa wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28. Inampa pia kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho miaka kumi, ilimradi masharti yake yametimia. Mwalimu aliyefundisha miaka sita ana haki ya mshahara wa siku 42. Aliyeajiriwa kwa maneno matupu, bila mkataba na bila kuchangiwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii, atahangaika kuidai haki hiyo, na akiba yake inapaswa kuwa kubwa zaidi. Kaya yenye vipato viwili visivyotegemeana, kimoja cha serikali na kingine cha biashara, inaweza kuanza na miezi miwili au mitatu. Yenye kipato kimoja kisicho na mkataba ilenge sita.

Mfanyabiashara ana hatari yake. Tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na waliokuwa na mali ndani walipoteza bidhaa na riziki ya kesho yake kwa usiku mmoja. Fedha ya dharura iliyogeuzwa kuwa mzigo dukani ni mtaji, na mtaji huo unaweza kwenda pamoja na duka. Akiba ya nyumbani lazima ilale nje ya biashara.

Na ndugu je? Wapo wanaosema akiba yao ni watu, na utafiti unawaunga mkono kwa kiasi. Wachumi William Jack na Tavneet Suri, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014, waliona kuwa kaya za Kenya zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi kwa takriban asilimia 7 zilipopatwa na mtikisiko kama ugonjwa au kupoteza kazi. Zilizotumia M-Pesa hazikupunguza, kwa sababu jamaa waliweza kuzitumia fedha upesi na kwa gharama ndogo. Lakini mwaka 2020 aliyepigiwa simu naye alikuwa amekosa kazi. Ndugu wanasaidia balaa likimkuta mmoja. Likiwakuta wote, kila nyumba inabaki na chake. Tena msaada ni wa kupokezana: msiba wa kijijini utahitaji nauli na rambirambi, na hilo liingizwe kwenye hesabu. Kadi ya mchango wa harusi haimo.

Mahali pa kuweka akiba napo pana somo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya kuchangiana magharibi mwa Kenya njia mbalimbali za kuweka akiba ya afya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kisanduku cha kawaida, chenye kufuli na ufunguo anaoushika mwenyewe, kiliongeza matumizi ya kinga ya afya kwa zaidi ya nusu. Kile ambacho ufunguo wake ulishikwa na mtu mwingine hadi lengo litimie hakikufua dafu, kwani watu walihofia kukwama siku ya shida.

Wanachama wa SACCOS wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Akiba iliyodhamini mkopo wa mwenzako haitoki mpaka mkopo huo uishe, hata kama mtoto amelazwa usiku huu. Ni fedha halali, inakua, lakini isiitwe ya dharura. Kiasi cha usiku mmoja wa hospitali na teksi kikae kwenye simu au taslimu. Sehemu kubwa ikae kwenye akaunti ya benki inayotoa bila masharti, na inayozidi hapo inaweza kwenda katika mfuko wa uwekezaji unaolipa ndani ya siku chache za kazi.

Kwa kaya isiyo na kitu, 1,950,000 inaweza kukatisha tamaa. Ianze na 100,000, kwa sababu shida nyingi zinazowapeleka watu kwenye mikopo ya kausha damu ni za kiasi hicho: vipimo, dawa, tairi la bodaboda.

Kila mshiriki anaombwa aende nyumbani leo na karatasi moja, akae na mwenza wake, waandike matumizi yasiyokwepeka, tarehe ya kodi na mambo watakayokubaliana kuyaita dharura, kisha waweke sahihi wote wawili.