Kulijua Garimoshi la Mfano

Sisi watu wa Kashai hatuna reli. Iliyo karibu ilifika Mwanza mwaka 1928, ng'ambo ya ziwa. Basi garimoshi la mfano likitujia kutoka Ulaya, bila sanduku wala maelezo, twalitazama kama mgeni asiyetaja jina.

Msiliunge kamwe na umeme wa nyumba! Huo ni volti 230, na mengi ya namna hii hutaka volti 12 tu. Mtaunguza mashine, na mtoto aweza kufa. Lipindueni kwanza. Mkiona ulimi wa bati katikati, huenda ni la njia ya reli tatu; usipokuwapo, kwa kawaida umeme hupokewa na magurudumu. Kisha ondoeni kifuniko. Ndani mtaona mota: sumaku, rota ya waya wa shaba, na kaboni mbili ndogo ziishazo kwa kusuguana.

Sasa fuateni nyaya. Zikitoka magurudumuni hata kwenye kaboni, yaelekea ni la kale. Zikipita kwanza katika kibao chembamba chenye vipande vyeusi, yamkini hicho ni dikoda, kipokeacho amri za mwendeshaji. Sisi tulikidhani takataka, tukakikata. Garimoshi halikusogea tena. Mota yake tunayo bado, na kaboni zake hazijaisha.