Roketi ya Hatua Mbili: Kuiunda na Kuirusha Katika Delta ya Rufiji

Mada kwa walimu na walezi wa klabu za sayansi, Mbwera, Wilaya ya Kibiti

1.0 Maana ya hatua mbili

Roketi ya hatua mbili ni roketi mbili zilizopandana. Ya chini huinyanyua ya juu kutoka ardhini. Baruti yake ikiisha hubwagwa, na ya juu huwaka na kuendelea na safari ikiwa nyepesi. Roketi ya mfano inayouzwa kama seti ya kuunganisha hufuata kanuni hiyo kwa karatasi ngumu, mbao laini, plastiki na injini ndogo za baruti zilizotengenezwa kiwandani. Urefu wake kwa kawaida haufiki mita moja, na ikiwa tayari kurushwa huwa na uzito wa gramu mia moja hivi.

Faida ya kubwaga huonekana kwa hesabu fupi. Injini ya aina ya C6 hutoa msukumo jumla wa karibu newtoni-sekunde 8.8. Ikisukuma roketi ya gramu 50, bila kuhesabu ukinzani wa hewa wala mvutano wa dunia, huiongezea mwendo wa mita 176 kwa sekunde. Roketi hiyo ikilazimika kubeba pia gramu 30 za bomba, mapezi na ganda la injini iliyokwisha kuungua, nyongeza hushuka hadi mita 110 kwa sekunde. Gramu 30 zisizo na kazi tena zimekula zaidi ya theluthi ya mwendo. Nahodha anayeingia kijito chembamba cha mikokoni hufanya hesabu hiyohiyo kwa njia yake: huiacha mashua penye maji mengi na kuendelea kwa mtumbwi.

Kubwaga kuna sharti lake. Kinachoachwa angani lazima kianguke mahali, na mahali hapo hupangwa kabla ya kurusha.

2.0 Mfano wa Ngomeni

Kanuni hii si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Machi 1964, kutoka jukwaa la Santa Rita lililosimamishwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walioongozwa na Luigi Broglio walirusha roketi za Nike-Apache, ambazo zilikuwa za hatua mbili. Hatua ya chini, Nike, ilitokana na kombora la kutungulia ndege. Ilikuwa na kipenyo cha sentimita 42 na iliungua kwa takriban sekunde tatu na nusu. Hatua ya juu, Apache, ilikuwa na kipenyo cha karibu sentimita 17. Roketi nzima ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 8 na uzito wa kilo 700 hivi, na aina hiyo iliweza kufika kimo cha kilomita 200.

Nike, kwa unene wake, ilizuiwa na hewa kuliko Apache. Baruti ya Nike ilipoisha ilibaki nyuma yenyewe, bila kuhitaji mtambo wa kuziachanisha. Apache nayo haikuwaka papo hapo. Iliteleza kwa kasi iliyokwisha kuipata na kuwaka kama sekunde 20 tangu kuruka, ikiwa imeikwepa hewa nzito ya chini. Roketi ya mfano hutofautiana kwa yote mawili. Moto wa hatua ya chini ndio unaoiwasha ya juu, na gesi ya moto huo ndiyo inayozitenganisha, yote kwa kufumba na kufumbua.

Baadaye jukwaa la jirani, San Marco, lilirusha roketi za Scout za hatua nne. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa hapo tarehe 26 Aprili 1967, na ile ya kuchunguza miali ya eksirei iliyopewa jina la Uhuru ilifuata tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru. Scout ya mwisho kutoka hapo iliondoka Machi 1988. Jukwaa la baharini liliwapa warushaji eneo pana upande wa mashariki ambako vipande vilivyobwagwa havingemwangukia mtu. Roketi ya gramu mia inadai uangalifu wa namna hiyo kwa kipimo chake.

3.0 Injini na alama zake

Injini za kawaida za seti hizi, kama za kampuni ya Estes iliyoanzishwa Marekani mwaka 1958, ni maganda ya karatasi yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 70. Ndani yake mna baruti iliyoshindiliwa, na nyuma kuna tundu la udongo la kutolea gesi. Kila ganda huandikwa alama, kwa mfano C6-7. Herufi ni daraja la msukumo jumla, na ukomo wa kila daraja ni mara mbili ya lililotangulia: A hukoma newtoni-sekunde 2.5, B hukoma 5, C hukoma 10, D hukoma 20. Tarakimu inayofuata ni wastani wa msukumo kwa newtoni. Ya mwisho ni sekunde za kusubiri tangu msukumo unapokwisha hadi baruti ndogo ya mbele ifyatue pua na kutoa mwavuli.

Hatua ya chini hutumia injini yenye sifuri mwishoni, kama B6-0 au C6-0. Injini hiyo haina kisubirishi wala baruti ya kufyatua. Moto ukikaribia mwisho, ukuta wa mbele wa baruti hupasuka, na gesi na chembe za moto huruka moja kwa moja hadi kwenye tundu la injini ya juu na kuiwasha. Hatua ya juu hutumia injini yenye kisubirishi, kama A8-5, B6-6 au C6-7.

Kuzibadilisha nafasi ni kosa kubwa. Injini ya sifuri ikiwekwa juu, mwavuli hautatolewa kwa wakati wake na roketi itarudi kama mshale. Yenye kisubirishi ikiwekwa chini, hatua ya juu inaweza kuwashwa roketi ikiwa tayari imeinamisha pua kuelekea ardhini. Kwa hiyo alama husomwa kwa sauti na watu wawili kabla injini haijaingizwa.

Injini haitengenezwi nyumbani wala kuongezwa baruti. Nchini Tanzania vitu vya namna hii vinaangukia Sheria ya Baruti, Sura ya 45, na kuviingiza au kuvihifadhi kunahitaji kibali. Hifadhi yake iwe kavu na yenye joto lisilobadilika sana. Injini iliyochomwa na jua ndani ya boti kutwa nzima kisha ikapoa usiku huweza kupata nyufa katika baruti, au baruti ikaachana na ganda. Moto ukipenya humo, baruti nyingi huwaka kwa mara moja na injini hupasuka.

4.0 Kuunda

Kazi huanza kwa kupanga vipande vyote mezani na kuvilinganisha na mchoro. Hatua ya juu ina pua, bomba la mwili, mapezi, kishikio cha injini, ukanda wa mpira wa kuunganisha pua na mwili, na mwavuli au utepe. Hatua ya chini ina bomba fupi, mapezi makubwa zaidi na kiungio kinachoingia ndani ya bomba la juu.

Mapezi ya mbao laini hukatwa nyuzi za mbao zikielekea nje ya mwili. Yakikatwa kinyume huvunjika kwa kishindo kidogo. Hupigwa msasa, hupakwa rangi ya kuziba vinyweleo, kisha hugandishwa kwa gundi nyeupe ya mbao. Kila pezi husimama wima juu ya bomba na kunyooka sambamba nalo, kwa umakini uleule wa fundi anayetumia timazi ukutani. Pezi lililopinda huizungusha roketi na kuipunguzia kimo. Kwa sababu hewa ya delta ina unyevu na chumvi, karatasi ya bomba nayo hupakwa vanishi nje, na ncha zake hulowekwa gundi nyepesi ili zisivimbe.

Kiungio ndicho sehemu nyeti. Kikibana, hatua hazitaachana. Kikilegea, mwili utayumba unapopaa. Kipimo kizuri ni hiki: roketi ikinyanyuliwa kwa kushikwa pua, hatua ya chini isianguke, lakini ikivutwa kidogo kwa vidole itoke. Injini zenyewe hugusanishwa, uso wa ya chini kwenye tundu la ya juu, na kufungwa kwa selotepu mzunguko mmoja. Selotepu huzuia gesi isizisukume kando kabla moto haujavuka, kisha huungua na kukatika. Katikati ya injini ya juu na mwavuli hutiwa karatasi laini isiyoshika moto.

5.0 Uthabiti

Roketi huruka sawa pale kitovu cha uzito kinapokuwa mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa, kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha mwili. Roketi ya hatua mbili hupimwa mara mbili: ikiwa kamili na injini zake zote, kisha hatua ya juu peke yake na injini yake. Injini ya chini huongeza uzito mkiani na kukirudisha nyuma kitovu cha uzito. Ndiyo sababu mapezi ya chini hufanywa makubwa.

Jaribio rahisi ni la uzi. Roketi hufungwa uzi wa mita mbili hivi penye kitovu cha uzito, kisha huzungushwa kichwani. Pua ikitangulia, roketi ni thabiti. Mkia ukitangulia au roketi ikipepesuka, huongezwa uzito puani na jaribio kurudiwa. Baada ya hapo hupimwa kwenye mizani, kwa kuwa injini za B6-0 na C6-0 zina ukomo wa kunyanyua wa gramu 113.

6.0 Uwanja, maji na upepo

Kanuni za chama cha warushaji cha Marekani, NAR, zinataka uwanja wenye upana wa mita 150 hivi kwa msukumo jumla usiozidi newtoni-sekunde 20, ambao ni sawa na injini mbili za C. Mbwera, penye mikoko, vijito na mashamba ya mpunga, uwanja huo hutafutwa kwa kufikiria mahali pa kuangukia kabla ya mahali pa kurukia. Shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa ni wazi, lakini mabua makavu hushika moto. Hufyekwa kuzunguka kirushio na ndoo za maji huwekwa karibu. Tope la ufukweni halishiki moto, ila hummeza mtafutaji hadi magotini, na maji yakianza kujaa muda wa kutafuta huwa mfupi. Siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala kupwa sana, hutabirika zaidi kuliko za bamvua.

Upepo hupimwa kwa hesabu. Roketi iliyofika mita 300 na kushuka kwa mwavuli mita 4 kwa sekunde hukaa hewani sekunde 75; kwenye upepo wa mita 5 kwa sekunde itapeperuka mita 375, na huenda ikavuka kijito. Ikishuka kwa utepe, mita 8 kwa sekunde, itapeperuka nusu ya umbali huo. Katika delta, utepe ni bora kuliko mwavuli kwa roketi nyepesi. Asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka, na vipindi vya maleleji kati ya kaskazi na kusi, ndio wakati unaofaa.

Delta hii inajua kuficha. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa zaidi ya mita 100, ilijibanza humo na Waingereza wakaitafuta kwa zaidi ya mwezi. Bomba la karatasi hupotea kwa urahisi zaidi, hivyo hupakwa rangi ya chungwa au nyekundu, si kijani wala kahawia.

Kabla ya siku ya kurusha, serikali ya kijiji na polisi hujulishwa kwa maandishi, na kuhusu matumizi ya anga huulizwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kibiti ilitikiswa mwaka 2017 na mauaji ya askari na viongozi wa vijiji. Mlio na moshi usiotangazwa huwatia watu hofu yenye sababu.

7.0 Kurusha

Roketi husimamishwa kwenye fito ya chuma, juu ya bamba la kukinga moto. Injini ya chini pekee ndiyo inayotiwa kiwashio cha umeme. Watu husimama mita 5 au zaidi. Kwa hatua mbili, mita 9 ni busara. Ufunguo wa usalama hukaa mkononi mwa mrushaji hadi wote wawe mbali, kisha huhesabiwa tano hadi moja. Kiwashio kikikataa, ufunguo hutolewa na hakuna anayesogea kabla ya sekunde 60.

Roketi ya hatua moja iliyoinama hupoteza kimo tu. Ya hatua mbili iliyoinama huwasha injini ya pili ikielekea pembeni. Kwa hiyo fito huwekwa karibu na wima, na upepo ukizidi kazi huahirishwa. NAR huweka ukomo wa kilomita 32 kwa saa, lakini kwa hatua mbili ni vyema kusubiri utulivu zaidi. Mruko wa kwanza hutumia injini ndogo, B6-0 chini na A8-5 juu.

Watazamaji hugawanywa: mmoja hufuata hatua ya chini kwa macho, mwingine ya juu. Mwanafunzi aliye mita 150 kutoka kwenye fito hupima pembe ya kilele kwa kipimapembe chenye uzi na kokoto. Akipata nyuzi 60, kimo ni 150 × 1.73, yaani karibu mita 260.

8.0 Kuokota na kukagua

Hatua ya chini huanguka ikibiringika. Wepesi wake na mbiringiko huo huipunguzia kasi, hivyo haihitaji mwavuli. Ganda lake huwa bado la moto na haliokotwi mara moja. Likikaguliwa, uso wa mbele ulioungua sawasawa huonyesha kwamba moto ulivuka vizuri. Kiungio kilichoungua upande mmoja huashiria kwamba injini hazikugusana barabara au selotepu ilikatika mapema. Hatua ya juu ikianguka bila kuwaka, baruti yake ikiwa nzima, sababu kwa kawaida ni hiyohiyo. Huachwa palepale kwa muda kabla ya kuguswa, na injini hiyo haitumiwi tena. Matokeo huandikwa daftarini pamoja na aina ya injini, uzito, upepo na kimo, kisha vipande vyote, pamoja na selotepu na karatasi zilizoungua, huhesabiwa na kuondolewa uwanjani.