Ujenzi wa Kizimba cha Usalama katika Gari la Mbio

1. Maana na kazi

Kizimba cha usalama ni kiunzi cha mabomba ya chuma kinachojengwa ndani ya bodi ya gari la mbio, kikiwazunguka dereva na mwelekezi wake. Gari likibingirika, paa la kawaida hubonyea kwa kuwa ni bati jembamba. Kizimba hupokea pigo hilo na kulishusha hadi sakafuni, huku nafasi ya waliomo ikibaki. Kwa hiyo nguvu inayoingia popote lazima ipate njia ya kupita kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Bomba linaloishia katikati ya jingine, bila mhimili upande wa pili, hulipinda lile lililolibeba.

Kizimba pia huikaza bodi. Katika barabara za mawe na makorongo kama zile za Safari Rally nchini Kenya, springi na shokomzoba hufanya kazi ipasavyo pale tu bodi isipojisokota.

2. Bomba

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinataka chuma cha kaboni kisicho aloi, kilichovutwa kikiwa baridi na kisicho na mshono, chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3. Bomba la tao kuu huwa na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Sehemu nyingine nyingi huwa 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Bomba la maji halifai, hata likilingana kwa kipenyo.

3. Umbo

Tao kuu ni bomba moja lisilo na kiungo, linalosimama nyuma ya viti vya mbele kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili. Mbele yake huwekwa tao jingine, au matao mawili ya pembeni, yanayofuata nguzo za kioo cha mbele. Mihimili miwili iliyonyooka hushuka kuelekea nyuma kutoka karibu na paa, kwa pembe isiyopungua digrii 30 kutoka wima. Mabomba ya mshazari huzuia tao kuu lisilale upande, na yale ya milangoni hulinda mbavu za dereva gari linapogongwa ubavuni.

4. Kukunja na kukata

Bomba hukunjwa baridi kwa mashine, kwa kuwa moto hubadili sifa za chuma. Nusukipenyo cha mkunjo hakipaswi kuwa chini ya mara 3 ya kipenyo cha bomba. Mkunjo uliobonyea au kufanya makunyanzi hutupwa. Ncha ya bomba hukatwa kwa mviringo ili ilikumbatie bomba inaloungana nalo bila kuacha mwanya.

5. Miguu

Sakafu ya gari ni bati tu, hivyo mguu wa tao ukisimama juu yake peke yake huitoboa. Chini ya kila mguu wa tao kuu na wa mbele huwekwa bamba la unene wa angalau milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi. Mguu unaofungwa kwa bolti huhitaji bolti zisizopungua 3 za M8, daraja la 8.8.

6. Kuchomelea

Betri hufunguliwa, na mafuta, viti na mapambo ya ndani hutolewa. Rangi husuguliwa hadi chuma kitupu kionekane. Viungo vyote hushikizwa kwanza kwa nukta chache, vipimo vikaguliwe, kisha kila kiungo huchomelewa kuzunguka bomba lote. Ugumu uko juu, ambako bomba limekaribia paa. Mafundi hukata matundu sakafuni, wakakishusha kizimba kwa muda, wakachomelea viungo vya juu, kisha wakakiinua na kuziba matundu kwa mabamba ya miguu.

7. Umaliziaji na ukaguzi

Mahali ambapo helmeti inaweza kugonga hufunikwa kwa sponji ngumu isiyoshika moto kwa urahisi. Baada ya ajali, nyufa hutafutwa kwenye viungo na mikunjo, na bomba lililopinda hukatwa na kuwekewa jipya. Likinyooshwa huonekana zima, lakini chuma chake kimekwisha kuchoka.