Fedha za Serikali na Watoto Wakosefu



Mnamo mwezi wa Juni 1964, katika mji mdogo wa Globe, jimbo la Arizona huko Marekani, mvulana wa miaka 15 alikamatwa kwa sababu bibi mmoja, jirani yake, alishtaki kwamba ametukanwa kwa simu maneno ya aibu. Wazazi wa mvulana walikuwa kazini, wala hawakupelekewa habari. Hakupewa wakili. Yule bibi hakuja mahakamani kutoa ushahidi, na maneno yaliyosemwa mbele ya hakimu hayakuandikwa. Mvulana akahukumiwa akae katika shule ya watoto wakosefu mpaka atimize miaka 21, isipokuwa afunguliwe mapema. Mtu mzima kwa kosa hilo hilo angetozwa faini isiyozidi dola 50, au kufungwa miezi miwili tu.

Mahakama iliyo kuu kabisa ya Marekani ilitangua hukumu hiyo tarehe 15 Mei 1967, ikasema kwamba mtoto naye ana haki ya kuambiwa shtaka lake, kuwa na wakili, na kuwahoji mashahidi. Lakini hukumu ya mahakama haijengi nyumba wala hailipi mshahara wa mtu. Watoto wengi waliendelea kulala jelani pamoja na wezi na wauaji, na baadhi yao hawakuiba kitu: walikuwa watoro wa shule, au wamekimbia nyumbani.

Basi Bunge likatunga sheria juu ya haki kwa watoto na kuzuia uhuni, na Rais Gerald Ford akaitia sahihi tarehe 7 Septemba 1974. Serikali kuu ya nchi ile haina amri ya moja kwa moja juu ya jela za majimbo. Ndiyo maana ilitumia fedha. Jimbo hupewa msaada kwa kadiri ya hesabu ya watoto wake, lakini lazima likubali masharti. Mtoro wa shule asifungwe. Mtoto asiwekwe mahali atakapoonana au kusikilizana na wafungwa wazima. Mwaka wa 1980 likaongezwa sharti kwamba watoto waondolewe katika jela za wakubwa, ila kwa saa chache tu. Na mwaka wa 1988 majimbo yakatakiwa kutazama kwa nini watoto weusi, na wengine wa jamii zilizo chache, hufungwa kwa wingi kuliko wenzao. Sheria ya 2002 iliweka kwamba jimbo likivunja sharti moja lipunguziwe sehemu 20 katika 100 ya fedha zake.

Huenda mlipa kodi akauliza, kwa nini fedha zake zitumike kwa wahuni? Na ajue kwamba mtoto aliyefungwa hulishwa, huvikwa na kulindwa usiku na mchana kwa fedha zake yeye huyo huyo, na katika jela ya wakubwa hana mwalimu ila mwizi.

Hata hivyo mpango huu una upungufu. Jimbo lisilopenda masharti laweza kukataa msaada, kama Wyoming lilivyofanya kwa miaka mingi. Fedha zikiwa chache mno, masharti nayo hayana nguvu. Tena tangu 1980 hakimu aliruhusiwa kumfunga mtoro aliyeasi amri yake. Huo ni mlango wa nyuma, na hakimu mwenye hasira huuona upesi. Sheria mpya ya Desemba 2018 haikuufunga. Ilitia mpaka wa siku saba.

Sheria hiyo ya 2018 ilitaka pia kwamba hata mtoto anayeshtakiwa kama mtu mzima asingojee kesi yake katika jela ya wakubwa, isipokuwa hakimu aone sababu ya haki na kuiandika. Majimbo yalipewa miaka mitatu kujitengeneza. Na katika kila jimbo linalopokea fedha, baraza la watu 15 mpaka 33 hutoa shauri juu ya matumizi yake, na miongoni mwao hutakiwa wawemo watu waliopata wenyewe kusimama mbele ya mahakama ya watoto.