Moto Usio na Moshi: Kabla Hatujanunua Jiko la Kuni

(Mada iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa jumuiya yetu, Birmingham, Uingereza)



Leo tutapiga kura juu ya pendekezo la kuweka jiko la kuni kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wetu, pale wazee wanapokunywa kahawa na kucheza keram jioni tatu kwa wiki. Mimi si fundi wa majiko. Ni nesi, na kazi yangu ni wodi ya magonjwa ya kifua. Kwa hiyo nitazungumza zaidi kwa upande wa mapafu, lakini nitagusia pia sheria na hesabu, kwa sababu kura ya leo ina yote matatu.

Naelewa hoja ilikotoka. Tangu bei ya gesi ilipopanda mwaka 2022, bili ya ukumbi imekuwa ikitunyima usingizi. Dohani ya zamani ipo tayari ukutani. Na ndugu yetu mmoja, Mungu amlipe kwa nia yake njema, amejitolea kutupa bure jiko lake la zamani. Kwa macho ya haraka haraka, jambo hili linaonekana limekwisha. Lakini naomba tulitazame vizuri.

Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto. Sheria ya nchi hii inadai kinyume chake: inataka moto usio na moshi. Na haikuja hivi hivi. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, London ilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani na viwandani. Hesabu ya serikali wakati ule ilikuwa vifo 4,000, na watafiti wa baadaye wamekadiria kuwa huenda vilifika 12,000. Baada ya msiba ule ndipo ikapitishwa Sheria ya Hewa Safi ya 1956, iliyozipa halmashauri uwezo wa kutangaza maeneo ya udhibiti wa moshi. Birmingham nzima ni eneo la namna hiyo. Kwa maneno mengine, sheria hii imeandikwa juu ya makaburi, na tusiichukulie kama usumbufu wa halmashauri.

Sheria inasemaje leo? Katika eneo la udhibiti wa moshi, kuni zinaruhusiwa kuchomwa tu kwenye jiko ambalo limo katika orodha ya majiko yaliyoidhinishwa na serikali, orodha ya DEFRA. Tangu Sheria ya Mazingira ya 2021, halmashauri za England zinaweza kumtoza faini ya pauni 175 hadi 300 yule ambaye dohani yake inatoa moshi. Na anayenunua nishati isiyoruhusiwa kwa ajili ya jiko lisiloidhinishwa anaweza kutozwa hadi pauni 1,000. Faini hiyo haitalipwa na mtu mmoja. Italipwa na mfuko wetu, ule ule wa kusaidia maiti kusafirishwa na wanafunzi kusoma.

Kwa hiyo jibu la jiko la bure ni hili: tumshukuru ndugu yetu, tusilipokee. Ni jiko la miaka mingi, na nimelitafuta kwenye orodha, halimo. Rahisi ghali.

Sasa tukisema tununue jipya, tutazame nini? Kuna mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. La kwanza ni hiyo orodha ya DEFRA. La pili ni kiwango kinachoitwa Ecodesign, ambacho tangu Januari 2022 majiko mapya yanayoingizwa sokoni lazima yakifikie, kwa kiasi cha chembechembe na gesi yanazotoa na kwa kiasi cha joto yanachokitumia vizuri. Jiko linaweza kuwa na kiwango cha Ecodesign na bado lisiwemo kwenye orodha ya DEFRA. Sisi tunahitaji yote mawili. Msikubali neno la muuzaji. Jina la jiko na namba ya modeli litafutwe kwenye orodha kabla ya pesa kutoka.

La tatu ni ukubwa, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu huona jiko kubwa ndilo lenye heshima. Kumbe jiko kubwa kwenye chumba kidogo linakuwa moto kupita kiasi, watu wanalibana hewa ili litulie, na moto uliobanwa hewa ndio unaofuka moshi. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: chukua mita za ujazo za chumba, gawa kwa 14, unapata kilowati. Chumba chetu ni mita 6 kwa 5, na urefu wa kwenda juu ni mita 2.8. Hizo ni mita za ujazo 84, yaani kilowati 6. Si 10, si 12. Na jiko linalozidi kilowati 5 linahitaji tundu la hewa la kudumu ukutani, ambalo halizibwi hata baridi iwe kali vipi. Nawajua watu wetu, wataliziba kwa kitambaa wiki ya kwanza. Hilo tulisemee tangu sasa.

La nne ni fundi. Awe amesajiliwa na chombo kinachotambulika, kama HETAS, la sivyo tutalazimika kuiarifu halmashauri na kukaguliwa. Dohani isafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Na kengele ya kaboni monoksaidi iwekwe chumbani, kwa sababu gesi hiyo haina harufu wala rangi, na mtu huipumua akidhani ana usingizi tu.

Baada ya jiko zinakuja kuni, na kuni ni nusu ya habari yote. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto unashughulika kwanza kuchemsha maji, na wakati huo moshi ndio unaotoka. Tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa England kwa mafungu ya chini ya mita 2 za ujazo lazima ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20, na mfuko uwe na alama ya Ready to Burn. Ipo mita ndogo ya kupimia unyevu. Unapasua gogo na kupima ndani yake, si juu ya ganda. Mbao za fanicha kuukuu, milango iliyopakwa rangi na mbao zilizotiwa dawa zisiingie kabisa. Rangi za zamani zina risasi, na baadhi ya dawa za mbao zilikuwa na aseniki. Huwezi kuwachomea wazee wako vitu hivyo ukasema umewapasha joto.

Ndugu zangu, hadi hapa nimesema kama mtu anayefuata sheria. Sasa naomba niseme kama nesi.

Kutii sheria ya moshi hakumaanishi kwamba hewa ni safi. Moshi tunaouona ni sehemu tu. Kinachotusumbua wodini ni chembechembe zinazoitwa PM2.5, ambazo ni ndogo kiasi kwamba unene wa unywele mmoja ni kama mara 30 ya chembe moja. Pua hazizizuii. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu, ndiyo maana tunaziona kwenye pumu, kwenye mapafu yaliyochakaa, kwenye moyo na kiharusi. Ripoti ya mwaka 2022 ya Mganga Mkuu wa England, Profesa Chris Whitty, ilionyesha kwamba hata jiko la kuni la Ecodesign, yaani lile bora, linatoa chembechembe hizo kama mara 450 zaidi ya mfumo wa gesi wa kupasha nyumba, kwa joto lile lile. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, waliopima hewa ndani ya nyumba 19 zenye majiko yaliyoidhinishwa na kutoa matokeo yao mwaka 2020, walikuta chembechembe zikipanda kila mlango wa jiko unapofunguliwa ili kuongeza kuni. Dohani haipelekei jirani peke yake. Na sisi tunabakiziwa.

Mzee wetu mmoja aliniuliza wiki iliyopita: "Mwanangu, sisi tumezaliwa jikoni kwenye mafiga matatu, macho yanatoka machozi, mbona tuko hai?" Ni swali la haki na linastahili jibu la heshima. Jibu langu ni kwamba, mzee wangu, waliokufa hawapo hapa kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano wakiwa miongoni mwao. Yule mtoto wa jirani aliyesemwa amekufa kwa "kichomi", yule bibi aliyekohoa miaka kumi na akasemwa ana pumu ya uzee, hakuna aliyeandika moshi kwenye cheti. Serikali ya Tanzania ilipozindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, ilikuwa inakiri jambo hilo hilo. Itakuwa ajabu kama kule nyumbani watu wanahangaika kutoka kwenye moshi, na sisi huku tunachanga pesa kurudi ndani yake.

Nchi hii nayo imechelewa kuandika. Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 wa Lewisham, alifariki mwaka 2013. Mpaka Desemba 2020 ndipo mahakama ya uchunguzi wa vifo ilipotamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Kwake yeye ilikuwa hasa hewa ya magari, si ya majiko, lakini pafu la mtoto halitofautishi.

Na hewa ya nani tunayoizungumzia? Jumamosi na Jumapili chumba kile kile kina watoto wetu wa madrasa. Ninawajua wasiopungua watano wanaotembea na pampu ya pumu mfukoni. Ukuta wa pili kuna jirani mwenye mtungi wa oksijeni. Yeye hana kura katika mkutano huu, wala watoto hawana. Sisi ambao kila siku tunalalamika humu kwamba serikali zetu zinaamua bila kuwauliza wanaoumia, tusifanye hivyo hivyo kwa mkono wetu.

Kuhusu pesa, Mheshimiwa Mweka Hazina naomba unifuate. Kilo moja ya kuni kavu kwenye jiko zuri inatoa kama uniti 3 za joto. Jiko la kilowati 6 kwa saa 4 ni uniti 24, yaani kilo 8 za kuni. Jioni tatu kwa wiki, wiki 20 za baridi, ni kilo 480, na zinataka banda kavu la kuzihifadhi. Joto hilo hilo kwa gesi ni kama uniti 27 kwa jioni. Chukua bei ya mfuko wa kuni zilizoidhinishwa, chukua bili yetu ya mwisho, weka kando kwa kando, kisha ongeza jiko lenyewe, fundi na kusafisha dohani. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wanachama kabla ya kura, si baada yake.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kwanza, fedha za mwaka huu ziende kwenye kuziba nyufa za madirisha, mapazia mazito, sponji ya kuzuia joto darini, na swichi ya kupima joto kwenye redieta za chumba kile. Dohani isiyotumika izibwe kwa mpira wake maalumu, maana sasa hivi joto letu linatokea hapo. Pili, kama wanachama bado wataamua jiko, basi liwe jipya, lenye Ecodesign na lililomo kwenye orodha ya DEFRA, kilowati zisizidi 6, fundi aliyesajiliwa, kengele, kuni za Ready to Burn, na lisiwashwe siku za madrasa wala usiku wa kuamkia siku hizo. Tatu, lipigwe marufuku jiko la mkaa ndani ya ukumbi, hata mlango ukiwa wazi, hata kwa pilau la harusi. Mkaa unaopendeza kwa wekundu wake bila moshi ndio unaomwaga kaboni monoksaidi. Na chetezo cha udi, mama zangu mnisamehe, kifukizwe chumba kikiwa kitupu na madirisha wazi, kisha watoto waingie.

Najua wapo watakaosema nesi ametunyima moto. Sikuja kumnyima mtu moto. Mzee akikaa kwenye baridi naye anaugua, na baridi pia hunijazia wodi. Ninachoomba ni kwamba joto la wazee wetu lisitolewe kwenye vifua vya wajukuu wao.